Majani ya mianzi, kostiki ya shangazi na jipsamu iliyogoma kuganda

Jumatatu asubuhi nimeingia bandani kwetu pale Mwanga nikijua naenda kubandua ua la taa, lile pambo la duara linalokaa katikati ya dari, kwenye moldi yaani kalibu yake, nililimimina Jumapili jioni na jipsamu mnaijua, ukizubaa nusu saa tu imeshakuwa jiwe. Nikaingiza kidole, kikazama. Yaani kikazama kabisa kama kwenye uji wa mgonjwa, usiku kucha imekaa pale haijagandia hata pembeni. Bro akaja akachungulia, akaniuliza humu umeweka nini, nikamwambia majani ya mianzi, akanitazama weeee alafu akaenda zake kunywa chai.

Ngoja nianze mwanzo, nilivyofikia kutoa nyuzi kwenye majani ya mianzi nikazitia kwenye jipsamu badala ya katani.

Sisi kazi yetu ni dari za jipsamu hapa Kigoma mjini. Fundi yeyote wa jipsamu anajua kwamba ndani ya yale maua na zile konisi za kona kuna katani, nyuzi za mkonge, unaichambua unaitandaza kwenye moldi unamimina juu yake, maana jipsamu peke yake ni ngumu lakini haina uvumilivu, ukiigonga inapasuka kama sahani. Katani ndo inaishikilia. Na katani yetu inatoka huko Tanga na Morogoro, inavuka nchi nzima kutufuata sisi tulioko mwisho wa reli, na ikichelewa basi na kazi inachelewa. Afu ukifikiria, mkonge wenyewe sio wa kwetu, aliuleta Mjerumani mmoja Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida huko Marekani, miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, kutoka hapo ndo mashamba yote yale ya Tanga. Sasa mtu kavusha mmea bahari nzima kwa ajili ya nyuzi na mimi nimezungukwa na mimea yenye nyuzi nakaa nasubiri lori. Hilo lilikuwa linanikera muda mrefu.

Ndo nikaenda Kasulu kwenye msiba, na siku ya tatu nimekaa na wazee nyuma ya nyumba kuna mtu anachana mianzi ya kusukia matenga. Anakata fito, anapasua, anasuka, na pembeni majani yamelundikana kama takataka, mbuzi wanakuja wanachagua chagua wanaondoka. Nikaokota jani moja nikalichana kwa urefu, likachanika moja kwa moja bila kona, ile mishipa yake imenyooka kama mistari ya daftari. Jani la mwanzi liko kama la muhindi au la nyasi, ni ndugu wa ukoo mmoja, mishipa inatembea sambamba kutoka shina hadi ncha, na kila mshipa umezungukwa na nyuzi. Nikaomba magunia mawili, wakacheka wakanipa, na jina nikaachiwa, mpaka leo kule naitwa Baba Mbuzi.

Kutoa nyuzi ni kazi ya kunuka. Niliyalowesha kwenye pipa zaidi ya wiki mbili mpaka vijidudu vikala ule ute unaounganisha mambo, jirani akawa anafunga dirisha, alafu unatandika jani juu ya ubao unalikwangua kwa mgongo wa kisu, nyama ya kijani inatoka zinabaki nyuzi. Na uvae glovu mwanzo ukiyachambua makavu, maana majani ya mianzi yana silika nyingi sana ndani yake, hiyo silika ndo ile ile ya mchanga na kioo, ndo maana ukilivuta vibaya linakuchana kidole bila hata kuumia, unaona damu tu. Magunia mawili yale yamenipa nyuzi za kujaza kofia. Sidanganyi, kofia moja.

Nikazikausha nikaziweka kwenye kipande cha majaribio, kibao kama cha kitabu, kikaganda vizuri tu. Nikakivunja kwenye goti. Kilivunjika kirahisi na pale palipovunjika nyuzi zilikuwa zimechomoka nzima nzima, zimetoka kwenye jipsamu kama mtu anayevua soksi, zimeacha vitundu vya duara visafi. Hakuna hata moja iliyokatika. Maana yake nyuzi zilikuwa na nguvu zao, jipsamu ilikuwa na nguvu zake, ila hawajuani kabisa. Ukishika ule uzi kati ya vidole unateleza, unang'aa kidogo, ni kama umepakwa mshumaa.

Hapo nikakwama kama mwezi.

Jumamosi moja nimeenda Ujiji kwa shangazi, yeye anatengeneza sabuni za mawese, biashara ya miaka mingi. Shikamoo shangazi. Marahaba baba, umekuja kula au umekuja kuomba? Nikasema vyote. Nikamkuta anasafisha ndoo iliyoganda mafuta ya mawese, ile rangi ya machungwa isiyotoka hata kwa mchanga, kamwagia kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni (haidroksidi ya sodiamu), iliyobaki na maji kaacha, baada ya muda anakung'uta ndoo imetakata kama mpya. Mimi nimeduwaa. Sio kwa sababu sijawahi kuona kostiki inakula mafuta, nimekulia kwenye nyumba ya sabuni, ila siku hiyo ndo ilinigonga kichwani kwamba nta ya kwenye jani ni mtu na binamu yake mafuta. Kemikali zake zimeunganika kwa aina ile ile ya kifungo, tulifundishwa fomu six kinaitwa esta, na kostiki kazi yake duniani ni kuzikata esta. Ukikata esta za mawese unapata sabuni. Ukikata esta za nta iliyoko juu ya uzi unapata nini? Unapata sabuni kidogo na uzi usioteleza.

Basi nikaomba kostiki kiasi, na sufuria.

Sufuria ndo kosa la kwanza. Nimeweka maji, nimenyunyizia kostiki, nimedumbukiza nyuzi, dakika chache sufuria inachemka kama soda na moto sijawasha. Shangazi katoka ndani mbio anapiga kelele toa hiyo, toa hiyo! Sufuria zetu ni za alumini, na kostiki na alumini hawakai nyumba moja, inaitafuna na inatoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni inawaka, na jiko la mkaa lilikuwa hatua tatu pale anapikia maharage. Mimi nina C ya kemia aisee. C. Sufuria imebaki na vidoti kama mtu aliyeugua ndui na nimeshanunua nyingine. Tangu hapo ni ndoo ya plastiki ngumu tu, na masharti ya shangazi nayaandika hapa kama alivyoyasema: kostiki ndo inaenda kwa maji, maji hayaendi kwa kostiki, mkwe ndo anakwenda ukweni. Ukimwaga maji juu ya kostiki kavu inapata moto ghafla inaruka usoni. Glovu, miwani, na maji mengi karibu ya kunawa ikikugusa, sio limao sio mafuta, maji, mengi, muda mrefu. Na watoto wasiwepo. Kwenye hilo shangazi hana utani, ana kovu mkononi.

Sasa nini kinatokea ndani ya ndoo. Nitaeleza kifundi maana ndo ninavyoelewa mwenyewe.

Uzi wa mmea ukiuangalia ni kama nguzo ya zege. Selulosi ndo nondo, minyororo mirefu iliyonyooka, imelala pamoja imebanana, hiyo ndo inabeba mzigo. Hemiselulosi ni kama ringi na waya za kufungia, mifupi, ina matawi matawi, imekaa ovyo ovyo, na inapenda maji kupita kiasi. Lignini ndo zege lenyewe linaloshikanisha vyote, ndo inayoupa mti ugumu na rangi ya kahawia. Kuna pektini nayo, ute ute wa katikati. Alafu juu kabisa plasta ya nta, na kwa mianzi unaongezea ile silika. Kostiki ikiingia inaanza na nta, inaigeuza sabuni, na kweli ukitikisa ndoo unaona povu kidogo kidogo, mimi nilifurahi kama mtoto. Inakwenda kwenye hemiselulosi inaiyeyusha sehemu yake kubwa. Vile vifungo vinavyoshikanisha hemiselulosi na lignini navyo vingi ni esta, kwahiyo vinakatika, na sehemu ya lignini inatoka, ndo maana maji yanakuwa ya chai, baadae kahawa. Hata silika inayeyuka maana kostiki na silika wanatengeneza silikati ya sodiamu ambayo inakaa kwenye maji vizuri tu. Selulosi yenyewe kwa kipimo cha wastani inavimba kidogo lakini inabaki. Yaani umebomoa zege ukabakiza nondo, na nondo zenyewe sasa ziko wazi, zimechanguka, uzi mmoja mnene unakuwa kama brashi ya nyuzi nyembamba nyembamba, na juu una mikwaruzo na mifereji. Kwa jipsamu hiyo mifereji ndo dili, sababu jipsamu ikiganda inaota fuwele kama visindano, vinahitaji pa kujichomeka.

Wenye maabara wanathibitisha haya kwa vyombo, wanapitisha mwanga wa infraredi kwenye nyuzi na kwenye mchoro unaotoka kuna mstari karibu na namba 1730 ambao ni wa zile esta za hemiselulosi, baada ya kostiki unafifia au unapotea kabisa. Mimi maabara yangu ni pua na vidole. Uzi uliopikwa vizuri hautelezi, una mkwaruzo kama shati la kitani, rangi imefifia kwenda njano mpauko, na umepungua uzito, nilipima kwenye mzani wa dagaa wa dada mmoja pale Kibirizi, akaniuliza hizi ni mvi za nani.

Kuna jamaa nampenda sana kwenye stori hizi, Mwingereza John Mercer. Alizaliwa 1791 Lancashire, shule hakusoma, akiwa na miaka tisa tayari yuko kiwandani anazungusha uzi kwenye kigurudumu, kemia alijifunza mwenyewe ukubwani. Mwaka 1844 alikuwa anachuja kostiki nzito kwa kutumia kitambaa cha pamba, akaona kitambaa chenyewe kimebadilika, kimesinyaa, kimekuwa kinene, kinakamata rangi kuliko mwanzo. Mtu mwingine angekitupa akatafuta chujio jipya. Yeye akakifuatilia akasajili hataza mwaka 1850, na mpaka leo kulowesha nyuzi kwenye kostiki wanakuita kwa jina lake, mesaraizesheni. Fundi wa mtaani kabisa. Nilipoisoma hiyo niliacha kuona aibu ya sufuria.

Turudi kwenye kipimo maana hapa ndo watu wengi wataharibu, na ndo sababu hasa ya kuandika hii posti. Kwenye tafiti za nyuzi za mimea namba inayojirudia sana ni asilimia 5, ambayo kwa lugha ya ndoo ni gramu 50 hivi kwa kila lita, maji ya kawaida bila kuchemsha, masaa kadhaa. Mimi nikajiona mjanja, nikasema kama 5 inasafisha basi 15 itang'arisha. Nikaweka ndoo nne: maji matupu, 2, 5 na 15, masaa manne kila moja. Baada ya kukausha nikahesabu nyuzi sawa sawa nikafunga vifungu, nikaning'iniza kidumu kwenye kila kifungu naongeza maji kikombe kimoja kimoja mpaka kikatike. Ya asilimia 2 haikutofautiana sana na ya maji matupu. Ya 5 ndo ilibeba vikombe vingi kuliko zote. Ya 15 ilikatika mapema kuliko hata ile ya maji matupu! Zilikuwa nyeupe nzuri, laini, za kuvutia, ukizivuta zinaachia kama tishu iliyolowa.

Sababu ni kwamba kostiki haina macho. Ikimaliza nta na hemiselulosi haisemi kazi imeisha, inaingia kwenye selulosi yenyewe. Ikiwa kali inaivimbisha mpaka minyororo inajipanga upya kwa mtindo mwingine, na kwa pamba wanafanya hivyo makusudi kwa asilimia kati ya 18 na 25, lakini pamba ni selulosi karibu tupu haina cha kupoteza. Uzi wa jani la mwanzi ni kifungu cha nyuzi ndogo fupi fupi zilizogandishwa pamoja na hiyo lignini na wenzake, ukiitoa yote umebaki na vipande visivyoshikana. Kwahiyo unataka kuvua plasta bila kubomoa ukuta. Na usifuate kipimo cha mkonge ukakipeleka kwenye mwanzi, wala cha fito ya mwanzi ukakipeleka kwenye jani, fito ni ngumu imejaa lignini, jani ni jembamba linaiva haraka. Kama unaona maji yamekuwa meusi tii na nyuzi zinanata, umechelewa.

Haya, kusuuza. Nilidhani kusuuza ni dakika mbili. Kusuuza ni nusu ya kazi aisee.

Rafiki yangu anafundisha kemia sekondari, akanipa vikaratasi vile vya kupima pH (7 ni katikati, juu yake ni alkali kama kostiki, chini yake ni asidi), anasema suuza mpaka usome 7. Nasuuza, 12. Nasuuza, 11. Nasuuza, 10. Nasuuza, 9. Nasuuza, 9. Nasuuza, 9! Nimemaliza pipa la maji mgongo unauma, 9. Nikadhani vikaratasi vimeoza. Mpaka jioni nimekaa nikafikiria, nikachukua kikaratasi nikachovya kwenye maji masafi ambayo hayajagusa nyuzi hata kidogo, yakasoma karibu 9. Jamani! Maji ya bomba ya hapa mjini yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lenyewe ni la upande wa alkali, pH yake inacheza kwenye 9. Yaani ningesuuza mpaka Krismasi. Nilikuwa nashindana na ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka kuangalia.

Suluhisho ni mawili, maji ya mvua ya kwenye bati kwa suuzo la mwisho, na tindikali kidogo ya kumaliza kostiki iliyojificha ndani ya uzi. Kwenye tafiti wanatumia asidi ya asetiki, ambayo ndo iliyomo kwenye siki. Siki sikuwa nayo. Ndimu nilikuwa nazo, za bure, mti uko uani. Asidi ni asidi si ndio? Nikakamua ndimu kama ishirini nikalowesha nyuzi humo, pH ikashuka vizuri, nikazianika zikakauka hata sikusuuza tena, nikazitandaza kwenye moldi ya ua la taa, nikamimina jipsamu.

Na hapo ndo tunarudi Jumatatu asubuhi na kidole changu kilichozama.

Ndimu ina asidi ya sitriki. Na sitriki inachelewesha sana jipsamu kuganda, mafundi wakubwa na viwanda wanaitumia makusudi kwa kiasi kidogo sana ili jipsamu isigande kabla hawajamaliza kupaka, inajibandika kwenye zile fuwele zinazoanza kuota inazizuia zisikue. Mimi nimeitia ya ndimu ishirini. Kumbe hata bro alikuwa anajua, anasema zamani fundi wake akiwa na eneo kubwa la kuskimu alikuwa anakamulia limao kwenye beseni, ila hakuniambia sababu sikumuuliza. Si alienda kunywa chai.

Nimehamia siki, vijiko kadhaa kwenye ndoo, dakika chache, alafu suuza tena na maji ya mvua. Inaganda muda wake wa kawaida. Na usije ukaona bora kuruka hatua ya asidi ukaacha kostiki ndani ya nyuzi, nilifanya hivyo kwenye kipande kimoja, kiliganda vizuri lakini baada ya siku kadhaa kikaota unga mweupe juu kama barafu ya friji, kostiki imeingiliana na jipsamu ikatoa chumvi inayosafiri na unyevu mpaka nje. Rangi haishiki pale.

Kipande cha nyuzi za 5, za siki, za maji ya mvua, nilikivunja kwenye goti lile lile. Kwanza goti liliuma. Pili hakikuachana, kilipasuka kikabaki kinaning'inia, na nilipokivuta kwa nguvu nyuzi nyingi zilikatika pale pale kwenye ufa badala ya kuchomoka. Zimekatika! Furaha ya kuona kitu kimekatika hamuwezi kuelewa. Nilimpelekea bro akakigeuza geuza akasema sawa, ila mbona nyuzi fupi hivi.

Na ana haki. Jani la mwanzi ni shubiri moja, likizidi sana shubiri na nusu. Katani inafika karibu mita. Kwa hiyo ile kazi ya kuloweka katani kwenye jipsamu ukafungia konisi kwenye mbao za dari, hapo mwanzi hauwezi, usijaribu, litamwangukia mtu. Nazitumia ndani ya vitu vidogo tu, maua ya taa na vile vipambo vya ukutani. Na hesabu ya kofia moja kwa magunia mawili bado inaniuma, ukiweka muda na kostiki na maji, katani hata ikichelewa bado ni nafuu. Mtu akikwambia majani ya mianzi yataua biashara ya mkonge mwambie aje akwangue gunia moja.

Nilijaribu pia njia ya bibi, maji ya majivu. Bibi yetu marehemu alikuwa anachoma maganda ya ndizi anachuja majivu yake kwa maji anapata maji makali ya kupikia sabuni enzi hizo kostiki ya dukani ni ndoto. Yale ni ya potashi zaidi, kabonati, ukali wake uko chini ya kostiki. Nililowesha nyuzi humo siku mbili nzima. Nta ilitoka kiasi, uzi ulipungua utelezi, rangi haikubadilika sana, na kipande chake uimara wake ulikuwa kati ya kile cha kwanza kisicho na kostiki na kile cha 5, nyuzi nyingine zimechomoka nyingine zimekatika. Sio mbaya hata kidogo ukizingatia ni majivu, na hayana presha ya kuharibu selulosi, unaweza ukasahau ndoo ukaenda Uvinza ukarudi. Nataka nijaribu kuyachemsha.

Yale maji meusi watu wamenipigia kuuliza nayatupa wapi. Sio mtaroni, mitaro yetu yote inashuka ziwani na pale chini watu wanaosha vyombo. Nayatumia tena kwanza, ndoo moja inapika awamu mbili mpaka tatu kabla haijachoka, alafu yaliyobaki nayachanganya na siki au hata zile ndimu zilizonitia aibu, mpaka karatasi isome kama maji ya kawaida ndo namwaga shimoni mbali na kisima.

Kwa sasa kuna ua moja la nyuzi za mwanzi limekaa sebuleni kwa shangazi Ujiji, nimelifunga bure kama fidia ya sufuria, nimelishikiza kwa skrubu na katani kidogo nyuma, nasema ukweli. Mvua za masika zimepita, bati linavuja upande mmoja, unyevu umepanda mpaka karibu na ua na nilikuwa nalikagua kila Jumamosi maana hemiselulosi ikitoka uzi unakunywa maji kidogo lakini haimaanishi haunywi kabisa. Halijapasuka. Limepata doa la njano kwa pembeni ambalo shangazi anasema ni moshi wa maharage na mimi nasema ni lignini iliyobaki. Jumamosi ijayo kuna mtu ananiletea magunia matatu kutoka Kasulu, ila shangazi kaniambia kabla sijagusa ndoo yake tena nimrudishie kwanza kilo yake ya kostiki, na anaipima mwenyewe.